Mtoto wa Eringeti na daftari lisilo na alama

Ukitoka Beni mjini ukashika barabara ya taifa namba 4 kuelekea kaskazini, unapita Mbau, unapita Oicha, na baada ya kama kilomita 60 unaingia Eringeti, karibu na Luna na mpaka wa Ituri. Kandokando ya barabara ni kakao, migomba na mihogo. Nyuma yake msitu. Mzazi wa huku, Septemba ikifika, hawazi pesa ya sare na madaftari peke yake. Anawaza pia kama shule itafika Desemba ikiwa bado wazi.

Mara nyingi shule za huku hazifungwi kwa tangazo. Asubuhi habari zinafika kwamba watu wasiojulikana wameonekana upande wa mashamba, au kwamba risasi zimesikika usiku, na ikigonga saa mbili akina mama wameshafunga mizigo. Wengine wanashukia Oicha, wengine Beni, wenye ndugu Butembo wanafika Butembo. Walimu nao wanakimbia, maana mwalimu ni mzazi kama wengine. Wiki zinapita, wakati mwingine miezi, na begi la shule linaning'inia kwenye msumari wa nyumba ya watu.

Mtoto aliyezaliwa Eringeti mwaka 2014 alikuja duniani wakati mauaji ya raia yanayohusishwa na ADF, waasi wenye asili ya Uganda, yanaanza kuenea katika eneo la Beni. Hata miaka miwili hajatimiza, hospitali ya mji wake ikashambuliwa, tarehe 29 Novemba 2015. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, ikianzia Mangina, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Kabla haijaisha, Machi 2020, shule za nchi nzima zikafungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 jimbo letu likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Novemba mwaka huohuo jeshi la Uganda likavuka mpaka kuungana na la Kongo katika operesheni waliyoiita Shujaa. Mtoto huyu hajui mwaka wa shule ulionyooka. Ukimpa kalamu akakwambia hana la kuandika, tafadhali usikimbilie kumwita mvivu.

Shule ya nyumbani inaanza hapo, bila mtu yeyote kuipa jina. Anayefundisha ni mama aliyefika mwaka wa sita, yaya (kaka au dada mkubwa) aliyeacha sekondari njiani, mjomba mwenye kazi mjini, au mwalimu mkimbizi aliyepokewa nyumba ya jirani na kukusanya watoto saba, wanane, uani jioni. Hesabu zinakwenda, kwa sababu mtoto wa mkulima anajua kilo na faranga kabla hajajua kuandika jina lake. Kusoma kunakwenda pia, polepole. Kuandika ndiko kunakokwama. Mtoto aliyekuwa akisimulia njia nzima kutoka kisimani, akiambiwa aandike mistari mitano tu, anainama. Anapiga mstari wa pembeni kwa rula, vizuri kabisa. Anaandika tarehe. Anaandika jina. Basi. Saa inapita, na mkubwa aliyekaa naye anaanza kupandisha sauti.

Mtoto huyo maneno anayo. Ila amefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba karatasi ni mahali pa kukamatwa.

Tazama alivyokutana na maandishi darasani. Katika shule zetu nyingi kuandika kumekuwa ni kunakili ubaoni na kufanya diktee. Mwalimu anasoma sentensi za Kifaransa, mtoto anaandika anachosikia, kisha makosa yanahesabiwa na alama zinashuka kutoka 10 mpaka sifuri. Mwenye makosa 12 na mwenye makosa 30 wanapata sifuri ileile. Kwa hiyo aliyekuwa na makosa 30 mwezi uliopita na sasa ana 12 hana njia ya kujua kwamba amepiga hatua kubwa. Anachoona ni yai jekundu lilelile chini ya ukurasa. Na tangu serikali ianze kutekeleza elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019, jambo ambalo lilikuwa haki na lilisubiriwa kwa muda mrefu, madarasa yalifurika. Mwalimu mwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni hana muda wa kusoma insha ya kila mtoto. Ana muda wa kuhesabu makosa. Simlaumu hata kidogo, lakini mtoto ndiye anayebaki na matokeo.

Halafu kuna suala la lugha. Nyumbani mtoto wa Eringeti anaongea Kinande, au Kimbuba, au Kilese. Sokoni na kwenye mpira anaongea Kiswahili chetu cha huku. Kwenye muziki na kwa askari anasikia Lingala. Darasani, karatasi inadai Kifaransa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa moja ya hizo nne, zitumike kufundishia katika shule ya msingi, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi nane za mwanzo katika mpango wa ELAN, ulioanzishwa na nchi zinazotumia Kifaransa ili watoto waanze kusoma na kuandika kwa lugha wanayoielewa. Nia ilikuwa njema. Lakini mtoto anajua kwamba mwisho wa mwaka wa sita kuna mtihani wa taifa, na mtihani huo unamsubiri kwa Kifaransa. Hata Kiswahili cha vitabuni kinamtisha: yeye amezoea kusema "iko anakuja", kitabu kinataka "anakuja", basi anasahihishwa mara mbili, kwanza Kifaransa asichokijua, kisha Kiswahili anachokijua.

Nyumba, pamoja na shida zake zote, ina nguvu moja ambayo shule haina. Haina alama za kutoa. Hakuna bulletini ya mwisho wa muhula uani kwa shangazi. Ninachowaomba wazazi na walezi ni kwamba tusiipoteze nafasi hiyo kwa kugeuza ua kuwa darasa jingine la diktee. Maana tunapoogopa kwamba mtoto ataachwa nyuma, jambo la kwanza tunalofanya ni kutafuta kalamu nyekundu.

Mwana wa dada yangu alifika kwetu Butembo akiwa na miaka 11, mama yake akiwa amebaki Oicha kusikilizia hali ya shamba. Kila alipowekewa daftari mbele alisema kwa adabu, "Mjomba, mimi sijui kuandika," na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Vichwa vya insha vya kawaida havikumfaa. Likizo yangu: likizo ipi? Familia yangu: iliyogawanyika nyumba tatu katika miji mitatu? Lakini dada yangu analima kakao, na mtoto huyu amekulia kwenye turubai la kuanikia. Basi jioni moja nilimwomba anieleze jinsi kakao inavyoandaliwa, kalamu nikiishika mimi.

Akaanza. Tunda linakatwa likishageuka njano. Linapasuliwa kwa rungu dogo, si kwa makali ya panga, kwa sababu mbegu iliyokatwa inaharibika. Mbegu zinamwagwa kwenye kasha la mbao pamoja na ule utelezi wake mweupe na mtamu, zinafunikwa kwa majani ya migomba, zinapata moto zenyewe. Zinageuzwa siku ya pili, zinageuzwa tena. Zikitimiza siku tano au sita zinatolewa, zinanuka kama siki, zinaanikwa, na mtoto ndiye anayepita katikati yake miguu mitupu akizivuruga zikauke pande zote, huku akiangalia mawingu. Ilibidi nimwombe apunguze mwendo. Niliandika kama alivyosema, kwa Kiswahili chake, bila kunyoosha kitu.

Nilipomsomea, niliruka sehemu ya kugeuza, kwa makusudi.

"Mjomba, hapana. Umeruka kugeuza."

"Kwani ni lazima?"

"Usipogeuza, ya juu inaota ukungu, ya ndani inapitiliza. Mnunuzi anaipasua na kisu, anaona, anakupa bei ya chini."

"Basi iandike mwenyewe mahali pake."

Akachukua biki. Karatasi ninayo mpaka leo: "siku ya pili tuna geuza ya juu ina enda chini kama haugeuze ita oza mama ata poteza franga".

Itazame sentensi hiyo vizuri. Haina nukta, haina herufi kubwa, na viambishi vimesimama mbali na vitenzi vyake karibu kila mahali. Lakini ina kazi iliyopangwa kwa utaratibu, ina sababu, ina hasara itakayotokea, na inajua hasara hiyo itamwangukia nani. Mtoto aliyekuwa akiapa kwamba hajui kuandika ameandika kwa sababu mtu mzima alikosea jambo analolijua yeye, na hakuweza kuliacha lipite. Siku hiyo hatukugusa kosa lolote. Baadaye tulishika moja tu, kuunganisha "tuna" na "geuza", "ina" na "enda", na alizunguka karatasi nzima akiyatafuta mwenyewe na kuyaunganisha kwa penseli. Nukta zilisubiri zamu yake. Kifaransa kikasubiri zaidi.

Kwa hiyo, ukitaka kumwanzisha mtoto anayeikimbia kalamu, tafuta kwanza mahali ambapo yeye anajua na wewe hujui. Mahali hapo hapakosekani. Msichana anayetwanga na kupika sombe kila siku anajua saa ya kuweka mawese na anajua kwa nini shangazi yake anakosea. Mvulana anayeshinda kwa mafundi wa pikipiki anajua mlio wa mnyororo uliolegea. Mwingine anajua nani alimpasia nani kabla ya goli. Mwache aseme, wewe andika, kisha umsomee maneno yake. Mtoto akisikia maneno yake yenyewe yakirudi kutoka kwenye karatasi, yakiwa hayajabadilishwa, hofu yake inapungua, na mara nyingi anaanza kuyahariri kwa mdomo kabla hajaombwa. "Hapana, weka hii mbele." Hapo ameshaanza kazi ya uandishi, ingawa hajashika kalamu.

Kama kuna kibao na chaki, mwanzo huo ufanyike kwenye kibao. Kosa la kibaoni linafutika kwa kiganja, halibaki kumshuhudia mtu. Daftari liingiziwe kile tu ambacho mtoto mwenyewe ameridhika nacho. Na kurasa zake zisiwe na alama, kamwe, hata alama nzuri. Mtoto aliyezoea 10 ataandika sentensi fupi salama ili asiikose.

Kingine kinachowasaidia sana watoto ni maandishi yenye kazi. Insha inayosomwa na mwalimu wa nyumbani kisha ikafungwa ni zoezi. Barua inayompata mama Oicha ni jambo jingine. Yule mtoto wa kwetu aliandika mistari minne kumuuliza mama yake kama mbuzi amezaa, tukampa motari anayekwenda huko, na jibu likaja kwa simu jioni ya pili: amezaa wawili, mmoja ana doa jeupe. Kesho yake aliandika ukurasa mzima bila kusukumwa. Hakuna sifa yangu yoyote ambayo ingefanya kazi ya jibu lile.

Huku kwetu kazi za kuandika ziko nyingi kuliko tunavyodhani. Vikundi vya akiba na mikopo vya akina mama vina daftari la hisa na madeni, na mara nyingi katibu ni yuleyule mmoja kwa sababu wengine wanaogopa kalamu kama watoto wao. Mtoto akimfuata mama yake kwenye kikao, akiandika nani amefika na nini kimeamuliwa, anapata wasomaji wanaomtegemea. Mzazi asiyejua kusoma asijione hana mchango hapa. Kinyume chake, yeye ni msomaji bora wa mtoto mwoga, kwa kuwa hawezi kumkamata kwenye herufi. Anachoweza kufanya ni kuuliza: "Hapo umesema nini? Sijaelewa, nisomee tena." Swali hilo linafundisha uandishi kuliko mistari kumi ya wino mwekundu. Na mama akisimulia jinsi kijiji kilivyokuwa alipokuwa msichana, mtoto akaandika, mama anakuwa mwenye kitabu na mtoto anakuwa mwandishi wake, wote wawili wakiwa na heshima yao.

Jambo hili limewahi kufanywa mbali na hapa, na watu waliokuwa na vitu vichache. Célestin Freinet, mwalimu Mfaransa, alirudi kutoka Vita Kuu ya kwanza na majeraha ya mapafu, hakuweza kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Katika kijiji cha Bar-sur-Loup aliwaacha watoto waandike mambo ya maisha yao, konokono, kazi za baba zao, mvua ya jana, na mwaka 1924 akaleta darasani mashine ndogo ya kupigia chapa ili maandishi yao yachapwe na kutumwa kwa watoto wa shule nyingine, ambao nao walijibu. Baadaye shule yake ya Vence ilipokea watoto waliokimbia vita vya Hispania, watoto waliokuwa mbali na mama zao kama hawa wetu.

Don Lorenzo Milani, padri Mwitalia, alipelekwa Barbiana, kijiji cha milimani karibu na Florence, Desemba 1954, akafungua shule nyumbani kwake kwa watoto wa wakulima ambao shule za serikali ziliwakaririsha madarasa na kuwafukuza. Namna yao ya kuandika inafaa kabisa uani Oicha au Butembo. Kila mtoto alikuwa na karatasi ndogo ndogo, na wazo lolote lililomjia aliliandika kwenye karatasi moja, peke yake. Siku ya kukusanya, karatasi zote zilitandazwa mezani. Zilizofanana ziliondolewa ikabaki moja. Zilizobaki zilipangwa mafungu, mafungu yakawa sura, kisha wote kwa pamoja wakabishana neno gani litoke. Hakuna mtoto aliyeanza na ukurasa mtupu. Alianza na wazo moja kwenye kipande cha karatasi. Kwa njia hiyo watoto wanane wa Barbiana waliandika barua ndefu kwa mwalimu aliyewafelisha, ikatoka kama kitabu mwaka 1967, na kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Milani alifariki Juni mwaka huohuo. Waandishi wa kitabu hicho walikuwa watoto walioambiwa kwamba hawajui kuandika.

Kwetu watoto hawa mara nyingi wako wengi katika nyumba moja, wa mwenye nyumba na wa waliokimbia. Namna ya Barbiana inawafaa kwa sababu mdogo anaweza kuweka wazo lake moja pamoja na matano ya yaya yake, na likisomwa hakuna anayejua ni la nani. Watoto wenyeji na watoto wageni wanapata jambo la kufanya pamoja, jambo ambalo mama mwenye nyumba atalishukuru.

Sasa niseme la tahadhari, na hili nalisema kwa uzito wote. Usimwagize mtoto wa Eringeti aandike usiku aliokimbia. Najua nia huwa njema. Tunadhani akitoa ya moyoni atapona. Wapo watoto ambao siku moja, wakitaka wenyewe, wataandika, au watachora, na hapo kaa nao karibu, usiwakatize, usisahihishe lolote. Lakini kulifanya tukio lile kuwa somo la jioni, na mlezi anasubiri karatasi, ni kumrudisha msituni peke yake. Mtoto ana haki ya kuandika juu ya mbuzi. Mbuzi si kukwepa. Mtoto ambaye ameona nyumba zikiungua na leo anaeleza kwa makini jinsi mbuzi anavyozaa, anajenga kitu ambacho hatuna ruhusa ya kukiharibu kwa maswali.

Na akiandika hayo mengine, yasitoke nje ya nyumba. Tusiyapige picha na kuyatuma kwenye makundi ya WhatsApp ili watu waone uchungu wa watoto wetu. Katika eneo lenye vita, karatasi inayotaja nani alipita njia ipi, shamba gani bado lina watu, askari walikaa wapi, ni hatari kwa aliyeiandika na kwa wengine. Mtoto afundishwe hilo taratibu, bila kumtisha: daftari lina kurasa za kuonyesha na kurasa za kubaki nyumbani. Naye ndiye mwenye kuamua ipi ni ipi, isipokuwa pale usalama unapohusika.

Redio ni msaada usiotumika vya kutosha. Shule zilipofungwa mwaka 2020, Redio Okapi ilirusha masomo kwa jina Okapi École, na nyumba nyingi zilijifunza kwamba mtoto anaweza kusoma akiwa ameelekeza sikio kwenye kile kisanduku. Kwa mtoto anayeogopa kuandika, hata habari za jioni zinafaa. Asikilize habari moja, izimwe, aseme alichosikia, aandike sentensi mbili za kumpelekea babu ambaye hakuwepo. Babu ataitaka habari hiyo, na ataitaka iwe sahihi.

Vipi kuhusu Kifaransa? Wazazi wananiuliza hili kwa wasiwasi, na wana haki. Mtihani upo, na mtoto wa mkimbizi hapunguziwi swali. Jibu langu ni kwamba Kifaransa kije baada ya mtoto kuwa na kitu alichokwisha kukisema. Chukua ukurasa wake wa kakao wa Kiswahili, mchague naye sentensi tatu, tatu tu, mzipeleke Kifaransa, na maneno yanayokosekana yatafutwe kwa mwalimu jirani au kwenye kamusi ya mtu. Sasa anajifunza neno la Kifaransa la kugeuza kwa kuwa analihitaji, mahali anapolijua. Makosa yatakuwa mengi. Shikeni moja kwa juma. Akikaribia mtihani, diktee ifanyike, lakini ahesabiwe maneno aliyopatia, si aliyokosa: leo 41, juzi 35. Mtoto yuleyule, diktee ileile, na sasa ana sababu ya kurudi kesho.

Siwadanganyi kwamba ua unatosha. Mama anayebeba mzigo wa kibarua tangu alfajiri hana nguvu ya kukaa na daftari kila jioni, na daftari lenyewe lina bei. Watoto wanahitaji madarasa yao, walimu wanaolipwa, na barabara ya Eringeti inayopitika bila hofu. Robo saa ya jioni haichukui nafasi ya hayo. Lakini robo saa hiyo mzazi anaweza kuitoa leo, bila kumsubiri mtu wa Kinshasa.

Kuna kundi moja linaloweza kufanya jambo kubwa kwa gharama ndogo: wakuu wa shule na walimu wa Oicha, Beni na Butembo wanaopokea watoto wa kaskazini katikati ya mwaka. Kwa kawaida mtoto anapofika anapewa jaribio, diktee na hesabu, ili ijulikane aketi mwaka gani. Hajalala vizuri, hajui sura yoyote, na kitu cha kwanza anachoombwa ni kile anachokiogopa kuliko vyote. Sifuri yake inamshusha mwaka mmoja, pengine miwili, akae na wadogo zake. Ninaomba kabla ya jaribio hilo aulizwe kama ana daftari la nyumbani. Likiwapo, mwalimu alifungue, asome ukurasa mmoja mtoto akiwa amesimama hapo, na amuulize jambo moja juu ya kile kilichoandikwa: kwa nini kakao inageuzwa siku ya pili, mbuzi mwenye doa yuko wapi sasa. Kisha ndipo aamue aketi wapi. Na wazazi, mnapofunga mizigo kwa haraka, daftari hilo liwekeni pamoja na bulletini na cheti cha kuzaliwa.